Kabla Hujapiga Kura: Namna ya Kusoma, Kukokotoa na Kutetea Bima ya Afya ya Wastaafu katika Mkataba wa Kiwanda

Jirani yangu mmoja, mzee aliyefanya kazi miaka 31 katika kiwanda cha vipuri vya magari huko Ohio, alinijia siku moja na mfuko wa nailoni uliojaa bahasha. Alitaka nimsaidie kuielewa barua moja. Barua yenyewe ilikuwa fupi: kuanzia Januari, mchango wake wa bima ya afya kwa ajili yake na mkewe ungepanda kutoka dola 90 hadi dola 610 kwa mwezi. Pamoja na barua hiyo alikuwa na kijitabu cha mafao alichopewa siku ya kustaafu, na katika ukurasa wa 6 alikuwa ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu sentensi iliyosema kwamba bima yake ingeendelea maisha yake yote. Nilikipekua kijitabu hadi ukurasa wa 41, na huko nikaikuta sentensi nyingine, yenye herufi ndogo zaidi, iliyosema kwamba kampuni inahifadhi haki ya kuubadili au kuusitisha mpango huo wakati wowote. Mzee hakuwahi kuufikia ukurasa huo, na wala simlaumu, kwa maana hakuna aliyemwambia kwamba ukurasa wa 41 una nguvu kuliko ukurasa wa 6.

Mwongozo huu nimewaandikia wasomaji wa Kiswahili walioajiriwa katika viwanda vya Marekani, ambao leo ni wengi kuanzia Kentucky hadi Michigan na Iowa, na hasa wale ambao wenzao wamewachagua kuwa wawakilishi wa chama au wajumbe wa kamati ya majadiliano. Mambo mawili ndiyo yanayoamua kama mstaafu atatibiwa: maneno yanayosema ahadi itadumu hadi lini, na fedha zilizotengwa kuilipia. Ahadi isiyo na hayo mawili ni nia njema tu ya mwajiri, na nia njema hubadilika mwenye kampuni anapobadilika.

Jua kwanza deni hili limetoka wapi

Mezani utaambiwa kwamba matibabu ya wastaafu yanaiua kampuni, na usipojua historia utajikuta unaitikia kila unachoambiwa au unakataa kila unachoambiwa. Yote mawili ni makosa, kwa sababu gharama ni ya kweli, na sababu zake zinajulikana.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Marekani ilidhibiti nyongeza za mishahara, na waajiri wakaanza kuwavutia wafanyakazi kwa bima ya afya badala ya fedha taslimu. Mwaka 1950 chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kikiongozwa na Walter Reuther, kilitia saini na General Motors mkataba wa miaka mitano uliojumuisha pensheni na sehemu ya gharama za matibabu. Reuther mwenyewe alitaka bima ya taifa kwa kila raia, lakini ilipokosekana, chama kilijipatia mezani kile ambacho Bunge halikukitoa. Medicare, bima ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, ilipoanzishwa kwa sheria ya 1965, kampuni ziliona kumhudumia mstaafu kumekuwa nafuu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mzigo ilihamia serikalini. Kisha mgomo wa General Motors wa 1970 ukaleta utaratibu wa kustaafu baada ya miaka 30 ya kazi. Aliyeanza kazi akiwa na miaka 22 aliweza kuondoka kiwandani kabla ya kufikisha 60, na katika miaka yote iliyobaki hadi 65 bima yake ilikuwa juu ya kampuni peke yake. Kipindi hicho cha kati ndicho ghali kuliko vyote, na karibu kila mabishano utakayoyasikia yanahusu kipindi hicho.

Baadaye mashine zikaongezeka na wafanyakazi wakapungua, huku wastaafu wakiishi miaka mingi zaidi. Kufikia 2007 General Motors ilikuwa na wafanyakazi wapatao 73,000 wanachama wa UAW waliokuwa kazini, na wastaafu na wajane zaidi ya 300,000 waliotegemea bima ileile. Kampuni ilikuwa ikitaja gharama ya afya ya takriban dola 1,500 kwa kila gari, ilhali washindani wake wa Kijapani waliojenga viwanda vipya Marekani walikuwa na wafanyakazi vijana na wastaafu wachache mno.

Kuna jambo moja la uhasibu ambalo kila mjumbe wa kamati anapaswa kulijua. Kwa miaka mingi kampuni zililipa matibabu ya wastaafu kadiri ankara zilivyofika, bila kutenga akiba na bila kuonyesha deni la miaka ijayo kwenye vitabu. Kanuni ya uhasibu iliyotolewa mwaka 1990 ilizilazimu kulionyesha. General Motors ilipoitekeleza, hesabu za 1992 zilifungwa na hasara ya dola bilioni 23.5, na sehemu kubwa mno ya hasara hiyo ilikuwa ahadi hizo za zamani zilizoandikwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo ukisikia kwamba deni limelipuka ghafla, ukumbuke kwamba mara nyingi lilikuwepo tangu zamani ila halikuwa limeandikwa.

Kusanya nyaraka zote, wala usitosheke na muhtasari

Anza na mkataba wa hali bora wenyewe, pamoja na viambatisho na barua za makubaliano ya pembeni, kwa maana mara nyingi kifungu cha bima ya wastaafu hakimo ndani ya mkataba, bali kiko kwenye kijitabu kingine ambacho mkataba unakitaja kwa jina tu. Sheria ya 1959 kuhusu vyama vya wafanyakazi inampa kila mfanyakazi ambaye mkataba unamhusu haki ya kupata nakala kutoka chamani.

Cha pili ni kijitabu cha maelezo ya mpango wa bima, kile ambacho mzee wangu alikipigia mstari. ERISA, sheria ya shirikisho ya 1974 kuhusu pensheni na mafao ya wafanyakazi, inamtaka msimamizi wa mpango akutumie nyaraka za mpango unapoziomba kwa maandishi. Asipozitoa ndani ya siku 30, mahakama inaweza kumtoza hadi dola 110 kwa kila siku ya kuchelewa. Andika barua, weka tarehe, itume kwa njia inayoacha risiti ya kupokelewa, nawe ubaki na nakala. Ombi la mdomo kwenye ofisi ya rasilimali watu halihesabiki.

Lipo pia jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja, na wengi hawalijui. Kanuni za sheria hiyo zinasema kwamba idadi ya wanachama wa mpango wanaosoma lugha moja tu isiyo Kiingereza ikifikia kiwango fulani, kijitabu lazima kiwe na tangazo kwa lugha hiyo linaloeleza mahali pa kupata msaada. Kwa mpango wenye washiriki chini ya 100, kiwango ni asilimia 25. Kwa mpango mkubwa zaidi, ni asilimia 10 au watu 500, kwa kutegemea idadi ipi ni ndogo. Katika kiwanda ambacho zamu nzima ya usiku ni Wakongo na Warundi, kiwango hicho hakiko mbali. Wahesabuni, kisha muandike ombi kwa pamoja.

Cha tatu ni hesabu. Mipango mingi ya bima hupeleka kila mwaka fomu namba 5500 kwenye Wizara ya Kazi, na yeyote anaweza kuisoma kwenye tovuti ya wizara. Kampuni ikiwa imeandikishwa kwenye soko la hisa, taarifa yake ya mwaka ina maelezo marefu kuhusu mafao ya wastaafu. Tafuta humo namba tatu: jumla ya deni, fedha zilizotengwa dhidi yake, na kiwango ambacho kampuni inakadiria gharama za matibabu zitapanda kwa mwaka. Ikiwaambia wanahisa kwamba gharama zitapanda kwa asilimia 5 na ikawaambia ninyi asilimia 9, mna swali la kuiuliza.

Tafuta neno linalosema "hadi lini"

Hapa ndipo panapostahili muda wako mwingi kuliko mahali pengine popote. ERISA inailinda pensheni: ukishatimiza miaka inayotakiwa, mwajiri hawezi kukunyang'anya ulichojichumia. Bima ya afya ya mstaafu haikuwekewa ulinzi huo. Sheria haimlazimu mwajiri kuitoa, haimlazimu kuitengea fedha, wala haiifanyi kuwa haki ya kudumu. Uhai wake wote unategemea maneno ya mkataba.

Kwa miaka mingi mahakama ya rufaa inayohudumia Michigan, Ohio, Kentucky na Tennessee iliwaonea huruma wastaafu. Katika hukumu ya 1983 ya kesi ya UAW dhidi ya Yard-Man, mahakama hiyo ilisema kwamba pale mkataba usiposema wazi, ni busara kudhani pande mbili zilikusudia bima idumu maisha yote ya mstaafu, kwa kuwa mafao hayo yanafungamana na hali yake ya kuwa mstaafu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliifuta dhana hiyo katika kesi ya M&G Polymers dhidi ya Tackett, iliyotoka kwenye kiwanda cha Apple Grove huko West Virginia. Mkataba wa kiwanda hicho ulisema kwamba wastaafu waliofikisha pointi 95, yaani umri ukijumlishwa na miaka ya kazi, wangepata mchango kamili wa kampuni. Neno "kamili" lilikuwepo, lakini hakukuwa na neno linalosema hadi lini. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba mkataba usomwe kama mkataba mwingine wowote, bila kuegemezwa upande wa mfanyakazi. Mwaka 2018, katika kesi ya CNH Industrial dhidi ya Reese, mahakama ilieleza zaidi kwamba kama mkataba una kifungu cha jumla cha muda wake na hausemi vinginevyo kuhusu bima ya wastaafu, bima hiyo inakufa pamoja na mkataba.

Kwa sababu hiyo, uwe na mkataba wako mkononi unapozilinganisha sentensi hizi nne.

"Mstaafu na mwenzi wake watapata bima ya afya." Sentensi hii inasikika vizuri, lakini baada ya 2018 haina uhai wa kujitegemea. Mkataba wa miaka minne ukiisha, nayo imekwisha.

"Mstaafu atapata bima ya afya wakati mkataba huu ukiwa na nguvu." Hii angalau haikufichi kitu.

"Mstaafu atapata bima ya afya maisha yake yote, ila kampuni inahifadhi haki ya kubadili mpango." Hii ndiyo iliyomkuta jirani yangu. Sehemu ya pili inaila sehemu ya kwanza, na mahakama zimekuwa zikiipa nguvu kwa muda mrefu. Hata kabla ya Tackett, mwaka 1998, mahakama ileile iliyokuwa na huruma iliwakatalia wastaafu wa General Motors wasiokuwa chini ya mkataba wa chama, kwa sababu vijitabu vyao vilikuwa na maneno ya namna hiyo.

"Mstaafu na mwenzi wake watapata bima iliyoelezwa hapa kwa muda wote wa uhai wao, haki hii itaendelea hata baada ya mkataba huu kwisha, na kampuni haitaipunguza bila idhini ya maandishi ya chama." Hii ndiyo ya kupigania. Mwajiri akiikataa, na wengi wataikataa, angalau mtajua ukweli wa kile mlicho nacho, nanyi mtaweza kudai fidia yake kwa njia nyingine badala ya kuhesabu kuwa mnacho kitu ambacho hamna.

Ukishamaliza kusoma mkataba, soma kijitabu. Mkataba ukisema hivi na kijitabu kikisema vile, dai kifungu kinachosema kwamba mkataba ndio utakaotawala.

Tafuta kikomo, kisha ukokotoe

Siku hizi kampuni hazifuti bima ya wastaafu kwa sentensi moja. Huweka kikomo: zinakubali kuendelea kuchangia, lakini kwa kiasi kisichopanda. Kikomo huonekana hakina madhara siku ya kura, kwa sababu kwa kawaida huwekwa juu kidogo ya gharama ya mwaka huo. Chukua karatasi na kalamu tukokotoe kwa mfano wa kubuni.

Tuseme leo bima ya mstaafu na mwenzi wake inagharimu dola 1,000 kwa mwezi; kampuni inalipa 800, mstaafu analipa 200. Mkataba mpya unasema mchango wa kampuni hautazidi 800. Gharama ikipanda asilimia 7 kila mwaka, baada ya miaka 10 bima ileile itagharimu takriban dola 1,967. Kampuni bado inalipa 800. Mstaafu sasa analipa 1,167, karibu mara sita ya alichokuwa akilipa, huku pensheni za viwandani kwa kawaida zikibaki palepale zilipokuwa siku ya kustaafu. Ikiwa pensheni yake ni dola 1,500, yeye na mkewe watabaki na dola 333 za chakula na umeme. Hakuna aliyeifuta bima yake, lakini hawezi kuilipia tena.

Fanya hesabu hiyo kwa namba za kiwanda chako, mara tatu, ukitumia ongezeko la asilimia 4, 7 na 9, kisha uziandike kwenye karatasi moja ambayo wenzako wanaweza kuipitisha mkono kwa mkono wakati wa mapumziko. Nimeshuhudia karatasi ya namna hiyo ikibadilisha mkutano mzima, kwa sababu watu waliokuwa wakibishana kuhusu senti 40 za nyongeza ya mshahara waliona kwa macho yao kwamba kikomo kingezila senti hizo na zaidi. Kama kikomo hakiepukiki, pigania kiwe kinaongezeka kila mwaka, kwa mfano kwa asilimia 3, na pigania wenye umri chini ya miaka 65 wawe na kikomo chao kilicho juu zaidi, kwa kuwa hao hawana Medicare ya kuwabebea mzigo.

Mkipewa mfuko, ulizeni una nini ndani

Njia nyingine ni kampuni kulihamisha deni lote kwenye mfuko wa pekee unaoendeshwa na bodi ya wadhamini. Kwa Kimarekani mfuko huo unaitwa VEBA, na umekuwemo katika sheria za kodi tangu miaka ya 1920. Kampuni inaweka fedha mara moja au kwa awamu, inajitoa, na kuanzia hapo matibabu yanalipwa na mfuko kadiri fedha zake zinavyoruhusu. Faida yake ni kubwa: fedha zilizomo ndani haziwezi kuchukuliwa na wadai wa kampuni ikifilisika. Hatari yake ni kubwa vilevile: fedha zikiisha, hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Mwaka 2006 wafanyakazi wa Goodyear, chini ya chama cha wafanyakazi wa chuma, waligoma karibu miezi mitatu, na mwisho wake ukawa mfuko ambao kampuni iliuchangia dola bilioni 1. Mwaka uliofuata, baada ya mgomo wa siku mbili, UAW ilikubaliana na General Motors kuanzisha mfuko wa kubeba deni lililokadiriwa kuwa zaidi ya dola bilioni 45, huku mchango wa kampuni ukiwa pungufu ya kiasi hicho na pengo likitarajiwa kuzibwa na faida ya uwekezaji. Kabla mfuko haujaanza kazi, kampuni ilifilisika, Juni 2009. Sehemu kubwa ya fedha zilizoahidiwa ikageuzwa kuwa hisa: mfuko ulipewa asilimia 17.5 ya General Motors mpya, pamoja na hisa za upendeleo za dola bilioni 6.5 na hati ya deni ya dola bilioni 2.5. Katika Chrysler, ambayo wastaafu wake nao waliwekwa chini ya mfuko huo, ulipewa asilimia 55 ya kampuni. Mfuko huo ulianza kulipa Januari 2010, na bado upo. Hisa za Chrysler ziliuzwa kwa Fiat mwaka 2014.

Wako wanaoyaita makubaliano hayo usaliti. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu naijua njia mbadala iliyokuwepo: Bethlehem Steel ilipofilisika, mwaka 2003 wastaafu na wategemezi wapatao 95,000 walipoteza bima yao ya afya. Hata hivyo, mfuko ulioanzishwa na fedha kidogo huishia pabaya. Ule wa Caterpillar, uliotokana na mkataba wa 1998, ulikauka baada ya miaka michache, na gharama zikawarudia wastaafu.

Kabla ya kuukubali mfuko, fanyeni hesabu hii ya haraka. Ikiwa wapo wastaafu 500 na kila mmoja anagharimu dola 9,000 kwa mwaka, mfuko utatumia dola milioni 4.5 kila mwaka. Ukianza na dola milioni 27, na faida ya uwekezaji ikilingana na kupanda kwa gharama, mfuko utaishi miaka 6. Mstaafu aliye na miaka 60 leo atakuwa na 66 siku unapokauka. Baada ya hesabu hiyo ya mkono, chama kiajiri mtakwimu bima wa kwake, asiyelipwa na kampuni, apime uhai wa mfuko. Ulizeni pia kama mchango ni fedha taslimu, hisa au hati ya deni. Nani anateua wadhamini (katika mfuko wa UAW wadhamini 11 wamegawanywa, 6 wa kujitegemea na 5 wa chama). Na kama wadhamini wana mamlaka ya kupunguza mafao. Karibu kila mara wanayo.

Mezani

Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1971, katika kesi iliyohusu Pittsburgh Plate Glass, kwamba waliokwisha kustaafu si waajiriwa kwa maana ya sheria ya kazi, na kwa hiyo mwajiri halazimiki kujadiliana na chama kuhusu mafao yao. Bima ya baadaye ya walio kazini sasa ni jambo la lazima kujadiliwa. Bima ya mzee wa ukurasa wa 41 ni jambo la hiari. Hii ndiyo sababu hasa ya kuandika maneno yenye nguvu ukiwa bado kazini.

Mwajiri akisema mezani kwamba hana uwezo wa kulipa, muulizeni kwa maandishi athibitishe. Tangu hukumu ya Truitt ya 1956, anayedai hana uwezo anaweza kulazimika kufungua vitabu vyake. Waajiri wanalijua hili, na ndiyo maana wakili wao atajitahidi kusema "hatutaki kulipa" au "tunataka kushindana sokoni" badala ya "hatuwezi". Mteueni mjumbe mmoja ambaye kazi yake ni kuandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, pamoja na tarehe na saa.

Pingeni kwa nguvu pendekezo la kuwagawa wafanyakazi kwa tarehe ya kuajiriwa. Mkataba wa magari wa 2007 uliwaondolea waajiriwa wapya bima ya uzeeni, na miaka 16 baadaye, katika mgomo wa 2023, UAW ilidai irudishwe, lakini ikaambulia nyongeza ya mchango wa akiba ya kustaafu hadi asilimia 10 ya mshahara. Wahamiaji wengi wameajiriwa baada ya mgawanyo wa namna hii kufanyika, kwa hiyo angalia tarehe yako ya kuajiriwa kabla hujashangilia kifungu ambacho hakikuhusu.

Kampuni ikienda mahakamani kufilisika, sheria iliyopitishwa 1988, baada ya kampuni ya chuma ya LTV kusitisha bima ya wastaafu wake, inaitaka iendelee kulipa hadi ijadiliane na mwakilishi wa wastaafu au mahakama iidhinishe punguzo. Chama kijitokeze mara moja kuwa mwakilishi huyo, na hapa mwanasheria ni wa lazima.

Medicare, na safari ya kurudi nyumbani

Ukistaafu na kufikisha miaka 65, mipango mingi ya kiwanda hulipa kile kinachobaki baada ya Medicare kulipa. Usipojiandikisha sehemu B, inayolipia madaktari, mpango unaweza kukuachia ankara nzima. Wengi hudhani kwamba bima ya ustaafu inawaruhusu kuchelewa. Inayoruhusu kuchelewa ni bima ya kazi unayoifanya sasa, wewe au mwenzi wako, na kazi hiyo ikiisha una miezi 8 ya kujiandikisha. Ukichelewa, mchango wako unaongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili, na nyongeza hiyo kwa kawaida hudumu maisha yote. Mwenzi aliye mdogo kwa umri hapati Medicare kwa sababu wewe umeipata, kwa hiyo uliza bima yake itakuwaje katikati.

Kwa anayepanga kurudi Tanga, Mombasa au Bukavu, Medicare kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani. Uliza kwa maandishi kama mpango wa kiwanda unalipa, kwa kiasi gani, na kama ukijitoa leo utaruhusiwa kurudi kesho. Mipango mingi haimpokei tena aliyejitoa.

Siku ya kura

Kwa kawaida mtagawiwa karatasi za kurasa chache zenye mambo muhimu ya mkataba, na kura itaitishwa siku chache baadaye, pengine siku ileile. Katiba ya chama ndiyo inayosema utaratibu wa kura, kwa hiyo isome mapema uone kama mnaweza kudai muda. Dai matini kamili ya kifungu cha wastaafu, ikiwa na maneno yaliyofutwa na yaliyoongezwa. Dai mkalimani anayejua Kiswahili cha kazi, si kijana wa mtu aliyekuja kusaidia. Waalike wastaafu ukumbini hata kama hawana kura, wakae viti vya mbele. Kisha usimame, useme jina lako na idara yako, na umuulize mwenyekiti wa majadiliano, ili liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano: "Mkataba huu ukiisha na mpya ukiwa haujatiwa saini, je, mstaafu ataendelea kutibiwa, na ni ukurasa gani unaosema hivyo?" Subiri autaje ukurasa. Ufungue, na uusome kwa sauti.